Mstari Wenye Jina la Wafula

Vijana wa karakana waliponiaga walinipa blanketi, thamosi na hotuba. Blanketi nalitumia kila jioni, maana baridi ya Kitale haimwonei huruma mtu kwa kuwa amestaafu. Hotuba ilisema nimepanda ngazi nyingi, na kwa kuwa aliyeisoma hakuweza kuitaja hata moja, nami naziacha hapo hapo. Lililonigusa ni ombi la wale wawili wa benchi ya mwisho: niandike kazi ilivyokuwa zamani, kabla ya mashine kuanza kujitibu zenyewe. Nimekubali, ila nimechagua mwenyewe cha kuandika, na kisa kirefu kuliko vyote humu ni cha msiba. Anayetaka kucheka asome mwanzo tu.

Nilikuja kwenye kompyuta nikitoka kwenye taipureta. Kampuni yetu ilikuwa ikiuza na kutengeneza vyombo vya ofisi, na miaka ya elfu mbili ilipoingia wateja wakaanza kutuletea masanduku yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, wakitaka tuyatazame kwa jicho lile lile. Nikahamishiwa benchi ya kompyuta pale Kitale. Siku ya kwanza, mkulima mmoja wa mahindi kutoka upande wa Endebess alisimama mbele yangu akawa anamtafuta fundi nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta. Akauliza kama fundi ameenda chai. Nikamwambia fundi amerudi, ndiye huyu mwenye gauni. Alikaa na mashine yake mapajani kwa muda kabla ya kunikabidhi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Ndiwa, mtu wa mlimani, Msabaoti mwenye maneno machache na mikono mikubwa ambayo huwezi kuiamini karibu na skrubu ndogo. Bisibisi zake alizihifadhi ndani ya soksi ya mtoto. Alikuwa na brashi laini ya mchoraji wa vibao, na pampu ya baiskeli aliyoitumia kupulizia vumbi. Msije mkaicheka ile pampu. Wakati wa kupukuchua mahindi, vumbi la magunzi huingia kila mahali Trans-Nzoia, na mashine iliyokaa karibu na ghala ilikuwa ukiifungua unapiga chafya mpaka machozi. Tulikuta mende humo, tulikuta mjusi aliyekauka, na mara moja tulikuta panya amezaa juu ya karatasi za barua za ofisi, watoto wake wamelala joto karibu na feni. Ndiwa aliwahamisha kwenye boksi la sabuni kabla hajaanza kazi.

Alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wateja wote. Hakugusa mashine mpaka mwenyewe aiwashe mbele yake, naye akae kimya atazame. Hata mteja awe nani, hata awe na haraka namna gani. Karani mmoja aliapa kwamba kompyuta yake inapiga kelele kila asubuhi bila sababu. Ndiwa alikwenda ofisini kwake akamwomba aiwashe jinsi anavyoiwasha siku zote. Karani akaingia, akaweka mkoba wake juu ya kibodi, akabonyeza kitufe, na kelele ikaanza. Ndiwa aliinua mkoba, kelele ikanyamaza, tukaondoka. Njiani aliniambia kwamba mashine husema nusu ya ugonjwa, na nusu ile nyingine iko kwenye mikono ya mwenye mashine. Sikumwelewa vizuri mpaka nilipofika Sirisia, nami nitafika huko.

Ugonjwa uliotuletea wateja wengi miaka hiyo ulikuwa wa mistari miwili. Mfumo wa kompyuta ukiharibika, fundi mwenye haraka hakuutengeneza. Alikuwa akiweka mwingine kando yake, tukaita kuweka window, akachukua chake akaenda. Mteja akiwasha, skrini inakuwa nyeusi, inaandika maneno meupe mistari miwili, inamuuliza aingie upi, huku namba pembeni zinapungua. Akichelewa, mashine inajichagulia ule wa juu. Watu wengi waliona hiyo ni dalili ya kifo. Wengine waliona mashine imepandishwa cheo, sasa inauliza maswali.

Dawa yake ni ndogo. Kuna faili fupi, ambayo mtu angeweza kuinakili kwenye kiganja, ambamo mistari ile imeandikwa. Unanakili faili hiyo kwanza, unaweka nakala pembeni, kisha unafuta mstari usiotakiwa na kuhifadhi. Mstari ukibaki mmoja mashine haiulizi tena, inaingia moja kwa moja. Ndiwa alinisisitizia jambo ambalo nawasisitizia nanyi: kufuta mstari si kufuta kilichomo. Umetoa jina mlangoni, nyumba bado imesimama. Mwalimu mmoja wa shule fulani ya Bumula alifanya kinyume. Aliamua kuondoa mstari mwenyewe, akaacha mstari akafuta folda nzima ya mfumo, tena folda iliyokuwa nzima kiafya. Nilipofika nilimkuta ameshaita mchungaji. Mitihani ya muhula ule ikaandikwa kwa mkono kwenye ubao.

Baada ya miaka michache kampuni ilifungua tawi Bungoma nikapelekwa huko. Kwangu ilikuwa kurudi nyumbani, maana mimi ni Mbukusu, ingawa mashemeji wa Kitale walikuwa wameanza kusema nimegeuka mtu wa mlimani kwa kupenda mursik, maziwa yao ya kugandisha kibuyuni. Ndiwa alinipa brashi yake siku niliyoondoka.

Huko Bungoma ndiko nilikomjua Wafula. Alikuwa na duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi katika soko la Sirisia, yeye na mkewe Selina. Kazi yao kubwa ilikuwa vipeperushi vya mazishi. Mtu akifa Sirisia, au hata huko kwenye mashamba ya tumbaku Malakisi, familia ilikuja kwa Wafula na picha na majina, naye aliketi nao akawauliza taratibu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliimba sauti gani kanisani. Niliwahi kumkuta akimwuliza mzee mmoja kama marehemu mkewe alipenda chai ya maziwa au ya rangi. Mzee akacheka, halafu akalia, halafu akajibu. Wafula aliliandika jibu hilo.

Disketi za wateja zilikuwa zikimletea virusi, kwa hiyo aliniomba nimgawie mashine pande mbili. Upande mmoja uwe wa kazi za wateja, ambao Selina ndiye aliyeutumia kutwa. Upande mwingine uwe wake, wenye neno la siri, aweke mambo yake safi. Nikafanya. Nilipofika kwenye ile faili fupi nilimwuliza mistari isomeke vipi, maana pale unaweza kuandika maneno yoyote. Akasema wa chini niandike KAZI. Wa juu niandike WAFULA.

Nilimtania kwamba anataka kusalimiwa na kompyuta kama chifu. Akasema hapana, yeye asubuhi huwa ng'ombeni, Selina ndiye anayefungua duka, na anataka mkewe asome jina lake kabla hajaanza kupokea watu. Tukacheka wote. Selina aliyekuwa akipanga karatasi alisema jina lenyewe analisikia likikoroma usiku kucha, linatosha.

Wafula aliugua muda mfupi akafa. Nilihudhuria mazishi nikasimama nyuma na kipeperushi mkononi. Kilichapwa Bungoma mjini na watu wasiomjua, kwa kuwa duka lake lilikuwa limefungwa. Aliyeandika wengine wote aliandikwa kwa nusu ukurasa. Kilisema alikuwa mkulima na mwanakwaya. Duka halikutajwa hata mara moja, wala kwamba Selina alifanya kazi humo naye. Nilikikunja nikakiweka kwenye mkoba, na moyo wangu ulikuwa umekasirika kuliko ulivyopaswa kuwa pale kaburini.

Siku ya kunyoa nywele ilisogezwa mbele kidogo kungoja jamaa waliokuwa Uganda. Kwa wasioijua desturi yetu, siku hiyo waliofiwa hunyolewa, halafu ukoo huketi, mambo ya marehemu yakasemwa hadharani na vitu vyake vikapata wenyewe. Kabla ya kikao hicho hakuna anayegusa kitu chake. Hata jembe huachwa mahali alipoliegemeza.

Katika siku hizo za kungoja, dada yake Selina alikuja karakana akaniita nje. Alisema Simiyu, mdogo wa marehemu, amekwenda dukani akaibeba kompyuta akaileta nyumbani, ati isiibwe. Sasa imewekwa sebuleni kwa Selina, imefunikwa kitambaa cha meza. Simiyu anasema kwamba mashine hiyo ni ya kaka yake, kwa hiyo ni ya ukoo, na ushahidi anao: ukiiwasha inataja jina la Wafula yenyewe. Ameshawaonyesha wazee kadhaa. Ikienda Malakisi kwa Simiyu, duka limekufa, na Selina ana watoto wa shule na hana shamba la maana. Selina alikuwa akiniomba nije kabla ya kikao, nilitoe jina lile.

Nilijua kazi yenyewe ni ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilijua pia kwamba siwezi. Kama ningelitoa kimya kimya, na wazee walikuwa wameshaliona, Selina angeitwa mjane aliyefuta jina la mumewe kabla nywele hazijanyolewa, na hakuna mtu Sirisia ambaye angemletea tena msiba wake auandike. Nikamwambia dada yake ampelekee neno hili: sigusi kitu sasa, lakini siku ya kikao nitakuwepo. Aliniangalia kama mtu aliyenyimwa maji. Sikulala vizuri siku hizo, nawaambia kweli.

Siku yenyewe nilimkuta Selina amekaa mkekani na wanawake wengine, kichwa kimenyolewa, kitambaa hajakifunga vizuri. Alikuwa amekonda. Aliyeongoza kikao upande wa vitu vya nyumbani alikuwa senge, yaani shangazi wa marehemu, dada ya baba yake, bibi mfupi aliyevaa koti la kiume juu ya gauni la kanisani. Waligawa koti, viatu na baiskeli. Kila kitu kilipata mtu bila kelele. Halafu kitambaa cha meza kikatolewa juu ya kompyuta, na watu wakasogea.

Simiyu alisimama. Nilikuwa nimemtayarishia chuki, na ilinibidi niitafutie mahali pengine, kwa sababu alikuwa akitetemeka.

"Mimi sina maneno mingi," alisema. "Hii mashine kila mtu ameona. Ukiwasha, kitu ya kwanza inasema ni Wafula. Haisemi Selina. Sasa mimi nauriza, si mwenyewe amejulikana?"

Baadhi ya wazee walitikisa kichwa kukubali. Kwao lilikuwa jambo la wazi. Jina lililochongwa kwenye kigoda ni la mwenye kigoda, na ng'ombe mwenye alama huenda kwa mwenye alama. Selina alikuwa ameniona mlangoni, akainamisha kichwa.

Senge akauliza kama kuna mtu anayeijua mashine hii. Nikasema ninaijua. Akanitazama kuanzia viatuni.

"Hiyo jina iliandikwa na nani?"

"Ni mimi, senge. Yeye mwenyewe aliniomba."

"Na unaweza kuandika ingine?"

"Naweza kuandika lolote. Hata lako."

Watu walicheka kidogo, na hicho ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka siku hiyo. Nikaeleza kwamba mashine haijui Wafula ni nani. Inasoma kilichoandikwa tu. Nikaeleza pia kuwa mistari iko miwili, na kwamba ule wa chini, wa kazi, ndio uliokuwa ukilisha nyumba hii, na aliyeketi hapo kutwa nzima alikuwa Selina. Nikawaambia alichoniambia Wafula siku ile ya kuandika, kwamba alitaka mkewe alisome jina lake kabla hajafungua duka. Sikuwa nimepanga kuyasema.

Senge akasema jina si la mashine, ni la mtu, na mtu huyo wamemzika. Simiyu akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wakwe.

"Senge, mimi sitaki kuiuza," alisema. "Nikiona hiyo jina inawaka, naona ni kama bado anaamka. Mkiitoa, mimi nitamwona wapi?"

Hakuna aliyemcheka. Senge alimwita kwa mkono, akamketisha karibu na miguu yake kama mtoto, akamwuliza kama mke wake bado ana mimba. Simiyu akasema ndiyo.

"Basi jina itakuja hapo," senge alisema. "Kwa mtu. Si kwa stima. Leo asubuhi nywele imenyolewa. Hiyo pia inyolewe, na mashine irudi kwa mwenye anaketi nayo."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini mara hiyo tu ndiyo niliifanya mbele ya ukoo mzima, mchana kweupe, kama sehemu ya kumaliza msiba. Senge alikuwa na swali moja zaidi: yaliyomo ndani upande wa Wafula yatapotea? Nikamwambia hapana. Jina linatoka mlangoni, nyumba inabaki, na siku watoto wakikua wakitaka kuingia, fundi atawafungulia. Nilimshukuru Ndiwa moyoni kwa kunipa maneno hayo.

Waya wa stima ulikuwa umevutwa kutoka kinu cha posho cha jirani, na kinu kikisaga taa zilikuwa zikififia. Mtu akatumwa, kinu kikazimwa. Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa mpaka kuku walisikika wakiparura nje. Vijana wakaunganisha waya. Wote walinitazama mimi niiwashe, lakini niliishika sheria ya mwalimu wangu. Nikasema mwenyewe aiwashe.

Selina akainuka mkekani. Alifika, akabonyeza kitufe, akaweka kidole kwenye kitufe cha mshale wa chini. Skrini ikawa nyeusi, mistari miwili ikatokea, WAFULA juu, KAZI chini, na namba zikaanza kupungua. Hakubonyeza. Alisimama akitazama. Nilidhani anaogopa macho ya watu, au amesahau, nami nilikuwa karibu kumkumbusha kwamba namba zikiisha mashine itaingia upande wa juu na kudai neno la siri. Zilipokaribia kabisa kuisha alibonyeza mara moja, kwa uhakika, akaingia KAZI. Kidole chake hakikutafuta. Niliona ni mtu aliyezoea kungoja hivyo, lakini sikujiuliza kwa nini.

Nikaketi. Nilifungua ile faili fupi, nikainakili, nikaweka nakala pembeni. Senge alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, nikisikia harufu ya tumbaku ya kunusa. Nikauonyesha mstari kwa kidole, akasema sawa. Nikaufuta. Nikahifadhi, nikaizima mashine, nikampisha Selina aiwashe tena.

Alibonyeza kitufe akaweka kidole kwenye mshale kama mwanzo. Skrini ikawa nyeusi, halafu ikapita moja kwa moja, ikaingia kazini. Hakuna mistari, hakuna namba. Wazee wakaguna kwa kuridhika, mtu mmoja akasema asante Yesu, kinu kikawashwa tena huko nje. Selina alibaki na kidole juu ya mshale.

"Haijaniuriza," alisema.

Nami, fundi hodari, nikamweleza kwamba haitauliza tena, kwa kuwa mstari ukibaki mmoja hakuna cha kuchagua. Nilisema kwa sauti ya kufundisha, nikifurahi kwamba kazi imetoka safi. Alinitazama, kisha akajifunika uso kwa leso akalia. Wanawake waliniambia baadaye kwamba hakulia hivyo hata kaburini.

Walipomtoa nje nilimfuata nikaketi naye karibu na jiko. Aliniambia polepole. Kila asubuhi dukani, tangu siku niliyoandika jina lile, alikuwa akilisoma. Mwanzoni lilimchosha, akawa analipita haraka. Wafula alipoanza kuugua akawa analiacha likae mpaka namba zinakaribia kuisha. Na alipokufa, Simiyu alipoileta mashine sebuleni, alikuwa akingoja nyumba iwe tupu aiwashe, amsome, halafu aizime kabla haijafika popote. Muda ule mfupi ndio uliokuwa wake na mumewe, peke yao, bila mtu wa kumwambia nyamaza au kula. Yeye ndiye aliyeniomba nilitoe, na alijua analolitoa. Alilitoa ili watoto wasome.

Nikamwambia nakala ya faili ninayo. Nikamwambia naweza kurudi siku yoyote, hata kesho, nikaurudisha mstari dukani bila mtu kujua. Alifikiri kweli kweli. Maji ya chai yalichemka yakamwagika kwenye moto, hakuna aliyeyatazama.

"Wacha, dada," alisema. "Senge amesema. Na mwenye jina ameenda."

Jioni hiyo Simiyu mwenyewe aliibeba kompyuta kuirudisha sokoni. Aliifunga kwenye baiskeli ya kaka yake aliyopewa, akaisukuma kwa miguu asiitikise, koti la Wafula likiwa begani. Mkewe alijifungua baadaye. Ukoo ulitarajia Wafula, akaja msichana, akaitwa Nafula, maana kwetu majina hayo mawili ni ya waliozaliwa wakati wa mvua, na senge akasema mvua ni ile ile. Duka liliendelea. Sikuwahi kuandika ripoti ya kazi ile, maana karatasi zetu zilikuwa na nafasi ya kuandika tatizo na dawa tu, nami sikujua niandike lipi kuwa tatizo.

Tangu hapo, kila nilipoambiwa niondoe mstari usiotakiwa, niliuliza kwanza ni nani asiyeutaka. Mlinicheka sana kwa swali hilo, ninyi vijana, mkidhani ni uzee. Ndiwa alikufa akiwa kwao mlimani na sikupata kumsimulia kisa hiki. Ningependa angekisikia. Brashi yake iko kwenye droo ya kwanza upande wa kushoto, msiitumie kupaka rangi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipita Sirisia kumpelekea Selina mashine mpya. Ile ya zamani alikuwa ameivisha kitambaa cha meza, iko juu ya kabati, hauzi. Nywele zake zilikuwa zimeota zikawa na mvi. Nilimaliza kuunganisha waya nikasogea nyuma, nikamwomba aiwashe mwenyewe. Alikuwapo mteja, kijana aliyefiwa na babake, ameshika picha na karatasi ya majina, macho mekundu, ana haraka ya kurudi nyumbani. Selina akabonyeza kitufe. Kisha akaweka mikono mapajani akatulia, akiitazama skrini kama mtu anayengoja namba zipungue.

Kijana akangoja, akangoja, akauliza kama mashine imekwama.

"Hapana," Selina alimwambia. "Ngoja kwanza."

Skrini ilikuwa imeshawaka zamani.